Kwa mdogo wangu anayejenga Luchelele, Mwanza: zulia au mbao?

Mdogo wangu,

Marahaba, salamu zako nimezipata, na ubishi wenu wa sakafu ya nyumba hiyo, ambayo mama ataishi na nyinyi mtakuja mara mojamoja kutoka Dodoma, nimeusoma wote kwenye kundi la familia. Wewe unataka mbao, wifi anataka zulia la ukuta hadi ukuta, na kila mmoja ameshatuma picha za nyumba za watu ambao hawajawahi kuonja vumbi la barabara ya Malimbe. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu wanaojenga huku kwetu wananiuliza swali hilohilo, na pia ili wifi asije akasema nimekunong'oneza pembeni.

Msimamo wangu ni huu: sebuleni na chumbani kwenu tandikeni mninga, na wifi apewe zulia lake, ila liwe la kukunja na kutoa nje. Hilo la kugundisha kwenye sakafu silikubali.

Zulia nalo lina sifa zake, tusilionee. Miguu inalipenda, mtoto anayejifunza kutembea akianguka haumii sana, nyayo hazisikiki, na fundi akiingia asubuhi jioni mnakaa. Bei ya kuanzia iko chini ya mbao ngumu. Tatizo ni kwamba sifa yake kubwa, yaani kuzuia baridi ya sakafu, ni ya nchi zenye baridi. Mwanza kuna baridi gani? Hata Julai alfajiri, kanga moja mabegani inatosha. Na kama hoja ni kelele, mvua ikishapiga kwenye bati hakuna zulia litakalowasaidia kusikilizana.

Sasa fikiria mwaka mzima wa hapo kwako. Juni hadi Agosti ni vumbi. Unafuta meza asubuhi, saa sita unaweza kuandika jina lako juu yake. Mvua zikianza, vumbi lilelile linaingia na viatu likiwa tope. Halafu kuna wale wadudu wa ziwani, ambao mtu akikaa Dodoma muda mrefu anawasahau. Mwezi ukiandama wanapaa kutoka majini kama moshi, wanafuata taa, na asubuhi unawakuta wamekufa chini ya dirisha, lundo la kujaza kizoleo. Hawaumi. Lakini wakikanyagwa wakiwa wabichi wanaacha alama ya mafuta na shombo. Kwenye mbao unapitisha ufagio laini, umemaliza. Kwenye zulia wanazama katikati ya nyuzi, na hata ukiwa na mashine ya kufyonza vumbi, na umeme ukiwepo, wengine wanabaki humohumo wakioza.

Kuna na wale viumbe wa vumbi wasioonekana kwa macho, wanaokula magamba ya ngozi yetu. Hao wanastawi unyevu wa hewa ukizidi kama asilimia 50, na kando ya ziwa miezi ya mvua hilo ni jambo la kila siku. Kinyesi chao ni mojawapo ya vitu vinavyoamsha pumu. Mwanao unamjua anavyokohoa usiku, sina haja ya kuendelea. Na chumba chenu kitafungwa miezi mingi mkiwa Dodoma: zulia lililogundishwa, madirisha yamefungwa, masika inanyesha. Mkija Desemba mtapokewa na harufu ya koga tangu koridoni. Zulia la kukunja litakuwa limekunjwa juu ya kabati. Mkifika linatolewa uani, linatundikwa kwenye kamba, linapigwa fimbo, linaota jua.

Kabla hatujafika kwenye mbao, kuna swali ambalo fundi wako hajaliuliza: je, sakafu yenyewe imekauka? Kiwanja chako kiko kwenye mteremko wa mawe. Mvua inayonyesha juu kilimani haiishii kilimani. Inapita juu ya mwamba, chini ya udongo, na inatafuta pa kutokea. Kama walitandika nailoni nzito kabla ya kumwaga zege, vizuri. Kama hawakutandika, unyevu utapanda, na utaharibu zulia na mbao bila kubagua. Jaribio lake halina gharama. Kata kipande cha nailoni angavu, sentimita 45 kwa 45, kibandike sakafuni kwa utepe wa gundi pande zote nne pasiingie hewa, kiache saa 16 au zaidi. Ukikifunua ukakuta matone kwa ndani, au zege pale chini limekuwa jeusi kuliko pembeni, subiri. Watu wanazisikia zile siku 28 za zege wanadhani ndizo za kukauka. Hizo ni za kupata nguvu. Kukauka ni habari nyingine, inaweza kuchukua miezi, na jaribu sehemu kadhaa, hasa ule upande wa mlimani.

Haya, mbao. Mninga unapendwa na mafundi si kwa rangi tu. Ni mbao tulivu: ikikauka haisinyai sana, ikipata unyevu haivimbi sana, na kwa mji ambao kiangazi na masika havifanani kabisa, utulivu huo ndio unaoulipia. Kiini chake cha kahawia mchwa hawakipendi. Ile mbao nyeupe ya pembeni, ya karibu na gome, wanaitafuna vizuri tu, kwa hiyo fundi akikuchanganyia vipande vyenye weupe mrudishie. Mkongo pia ni mzuri, mgumu na mtulivu, ila unachosha msumeno na mafundi wengine watakuzungusha kwa sababu hiyo. Mpaini wa Sao Hill ni wa kenchi, usiuweke unapokanyaga. Kisigino cha kiatu kinauachia shimo. Na ile sakafu ya kubofya inayouzwa kwenye maboksi, inayong'aa kama mninga, juu ni picha tu ya mbao na chini ni unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi. Ikinywa maji inaumuka, na ikishaumuka hairudi.

Ubao mgumu wa milimita 20 ukichakaa unapigwa msasa, unapakwa vanishi upya, na kazi hiyo inaweza kurudiwa zaidi ya mara moja. Zulia likichakaa linatupwa. Hapo ndipo tofauti ya bei ya mwanzo inapojirudisha.

Ila mninga si mti wa kuchezea. Unatoka kwenye miombo ya huko Tabora na Katavi, unakua taratibu, na tangu mkutano wa Novemba 2022 wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, mininga na mikongo ya Afrika iko kwenye orodha ya miti ambayo biashara yake ya kuvuka mipaka inadhibitiwa. Kuununua hapa nyumbani hujakatazwa. Nunua kwa muuzaji mwenye kibali na hati ya kusafirishia, dai risiti, na usiagize wa nyumba nzima kwa sifa.

Mbao zikifika, usikubali neno "zimekauka" kwa mdomo. Fundi aje na kipima unyevu, kisome asilimia 12 hivi. Ubao wa asilimia 20 ukiupigilia Aprili, Agosti utapitisha sarafu kwenye nyufa. Zikae humo ndani wiki mbili tatu zimepangwa na vijiti katikati hewa ipite, madirisha yakiwa na vioo tayari. Wakati wa kutandika, waache nafasi ya milimita 10 hadi 15 kuzunguka ukuta wote, itafichwa na ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta. Fundi asiyeacha nafasi hiyo anakutengenezea mlima katikati ya sebule mvua zikija. Vipande vya inchi mbili kwa mbili vya kupigilia chini viwe vimetiwa dawa ya mchwa, maana huko ndiko wanakoanzia.

Sasa tuje kwa mama, maana yeye ndiye atakayeishi humo, si mimi wala wewe. Unamjua anavyodeki. Ndoo ya maji, anamwaga kuanzia ukutani, anasukuma kwa fagio la chelewa hadi mlangoni, ndipo anainama na tambara, na sakafu isiyomwagiwa maji kwake bado ni chafu. Niru ya nyumba ya Igoma imemvumilia tangu tukiwa wadogo. Mninga hautamvumilia hata mwezi: maji yatapenya kwenye maungio, vanishi itageuka nyeupe, kingo za mbao zitanyanyuka. Usimpe mama sakafu ya kumgombanisha na dada wa kazi. Chumba chake weka marumaru, zile zenye mkwaruzo zisizoteleza, na uendelee nazo koridoni, jikoni na bafuni. Sebuleni na chumbani kwenu, ambako mbao zitakuwa, sheria iwe moja: tambara lililokamuliwa likakauka nusu, viatu barazani. Kwenye kizingiti fundi ainue ukingo wa marumaru kidogo tu, maji ya koridoni yasitambae kuja kwenye mbao.

Jua la jioni kwenye dirisha linalotazama ziwa litabadilisha rangi ya mninga taratibu. Zulia msiliache mahali pamoja mwaka mzima, mtakuja kukuta umbo lake limechorwa chini.

Jumamosi nitapita kubandika nailoni. Mwambie mlinzi aniachie ufunguo wa geti. Fundi asilete hata ubao mmoja kabla sijakupigia. Na wifi aanze kuchagua zulia, mita mbili kwa tatu zinatosha mbele ya makochi, rangi yoyote anayoipenda isipokuwa nyeupe.

Dada yako