Usiku ndio unaowamaliza wanaouguza wazee

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme neno kuhusu watu wanaouguza wazee wenye ulemavu nyumbani. Husifiwa sana kwa uvumilivu, na sifa hizo hazimpunguzii mtu hata saa moja ya kazi. Sisi tunaofundisha familia kazi hii tungependa kwanza uulizwe usingizi wao.

Mzee asiyeweza kujigeuza hugeuzwa takriban kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgandamizo. Hiyo ni kuamka mara tatu au nne kila usiku, bado kubadilisha nepi na shuka. Baada ya wiki chache mlezi huwa mkali, husahau dawa, kisha hujilaumu kwa ukali huo. Godoro la kupunguza mgandamizo huwawezesha wazee wengi kugeuzwa kila saa nne, mradi muuguzi akague ngozi na kukubali. Fedha zikiwa chache, tunashauri zianzie hapo. Mlaze ameinama kidogo upande mmoja, kwa nyuzi 30, mto mmoja nyuma ya mgongo, mwingine chini ya miguu ili visigino visiguse godoro. Ukimlaza ubavu kabisa, uzito wote huangukia mfupa wa nyonga.

Ndugu nao husema, “Ukihitaji msaada tuambie.” Mlezi haombi mpaka ameshaelemewa. Bora ratiba: usiku wa siku mbili kila wiki uwe wa mtu mmoja anayejulikana. Hapo pia watu hukosea, kwani mpokeaji zamu hajui kazi na mlezi hulala macho akisikiliza kila kikohozi. Andikeni karatasi moja: saa za dawa, upande wa kuanzia kumgeuza, jinsi anavyoonyesha maumivu, anachopaliwa nacho, na dalili za kumwita daktari. Mpokeaji akeshe pamoja na mlezi siku mbili kabla ya kuachiwa peke yake. Aonyeshwe pia kumvuta mzee kwa shuka la kunyanyulia lililokunjwa chini yake. Mzee aliyepata kiharusi akivutwa kwa kwapa, bega lililolegea huweza kuteguka.

Utafiti wa Richard Schulz na Scott Beach uliochapishwa Marekani mwaka 1999 ulifuatilia wenza wenye umri wa miaka 66 na zaidi. Waliouguza huku wakilemewa walikuwa na hatari ya kufariki ndani ya miaka minne iliyozidi kwa asilimia 63 ile ya wasiouguza. Kwa waliouguza bila kulemewa, ongezeko la namna hiyo halikuthibitika.

Wapo wanaodhani anayelalamika hampendi mzee wake. Si kweli. Mtu yuleyule huchoka hadi kulia na bado hufurahi mzee anapomaliza uji bila kupaliwa. Furaha hiyo lakini inahitaji muda wa kukaa pamoja, na ndio unaoporwa kwanza. Tazama siku ya wageni: wao wameketi kitandani wakipiga soga na mzee, mlezi yuko nyuma anafua mashuka, kisha anawaandalia wao chakula. Geuzeni mambo. Mgeni afue, mlezi aketi.

Mawazo kama “heri angepumzika” huwajia wengi, wala si ushahidi wa roho mbaya. Mkono wa mlezi ukianza kuwa mkali wakati wa kumwosha, au mzee akiachwa na nepi iliyolowa kwa makusudi, hilo ni jingine: hakikisha yuko salama kitandani, toka chumbani kwa dakika chache, mpigie mtu aje siku hiyohiyo. Na mlezi aliyekosa raha au hamu ya chochote karibu kila siku kwa wiki mbili apelekwe kwa daktari yeye mwenyewe, si kama msindikizaji wa mzee.

Wakufunzi wa uuguzi wa nyumbani