Joto la usiku: chandarua kinasingiziwa

Ndugu Mhariri,

Mvua za vuli zikichelewa, vyandarua vingi Mwanza hukunjwa na kufungwa juu kwa madai kwamba "vinaleta joto". Mbu anachekelea. Kweli chandarua hupunguza upepo, ila joto lenyewe linatoka darini na ukutani.

Mchana kutwa hewa iliyo kati ya bati na silingi huchemka. Bati hupoa upesi jua likizama, lakini tofali za saruji, hasa za ukuta wa magharibi, huendelea kutoa joto hadi usiku mkubwa. Nyumba zilizoegemea mawe huko milimani huongezewa na jiwe la nyuma. Weka kiganja ukutani saa 3 usiku, utajua unalala na nani.

Basi litoe joto kabla ya kulala. Dirisha la magharibi lishushiwe pazia tangu saa 7 mchana. Jua likishazama, fungua madirisha ya pande mbili yenye nyavu pamoja na mlango wa kati, kisha weka feni ya mezani hatua moja kutoka dirishani, ikitazama nje. Inasukuma hewa ya moto, na ya ubaridi inaingia upande wa pili. Wakati wa kulala igeuze: mita moja kutoka kitandani, usawa wa godoro. Feni ya wati 50 ikikesha saa 8 inakula yuniti 0.4 tu.

Wavu wa dirisha ndio unaosahauliwa. Vumbi na wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama wingu la moshi, wakafia penye taa, huziba matundu. Utazame dhidi ya mwanga: ukiona utando wa kijivu, upepo haupiti. Brashi laini na maji ya sabuni vinatosha. Chandarua nacho huziba vivyo hivyo; kifue kwa sabuni ya kawaida, ukianike kivulini, maana jua linaharibu dawa. Cha pembe nne kina nafasi ya hewa kuliko cha duara.

Pangaboi likizunguka kivivu hata kwenye namba ya juu, futa mapanga kwanza. Lisipobadilika, mara nyingi kapasita, kile kifaa kidogo kinachosaidia mota kuzunguka, imechoka. Fundi aweke ya kipimo kilekile kilichoandikwa kwenye ile ya zamani.

Wapo pia wanaolala juu ya godoro la sponji ambalo nailoni ya dukani haijatolewa! Itoe, tandika shuka ya pamba. Kutundika shuka mbichi ndani ya chumba kilichofungwa hakusaidii huku kwetu kando ya ziwa. Unyevu ukizidi, jasho halikauki. Afadhali kuoga maji ya uvuguvugu na kulala ngozi ikiwa na umajimaji. Jiko la mkaa lisilale ndani, hata likionekana limezimika. Mtoto wa chini ya miezi 6 asipewe maji kwa ajili ya joto. Anyonyeshwe mara nyingi zaidi.

Kwa wenye nyumba za kupanga: madirisha ya alumini ya kusukuma hufunguka nusu tu, kwa hiyo yaongezeni upana. Na kwenye kuta za pembetatu chini ya paa, acheni tundu la hewa kila upande, lenye wavu wa kuzuia popo. Kuliacha wakati wa kujenga ni kazi ndogo. Silingi ikishapigwa, ni kubomoa.

Msomaji wenu,
Mabatini, Mwanza