Kioo cha umeme ni pazia, si kivuli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie vile vioo vya madirisha ambavyo ukibonyeza swichi hugeuka kutoka weupe wa maziwa hadi kuwa angavu kabisa. Mimi ni fundi wa madirisha ya alumini hapa Mtwara, na siku hizi wateja huniulizia vioo hivyo kwa jina walilopewa na wauzaji, yaani "vioo vya kuzuia joto". Kwa aina iliyozoeleka zaidi, jina hilo linampotosha mnunuzi.

Ofisi moja ya mjini, ambayo sitaitaja, iliviweka katika chumba cha mikutano kinachotazama magharibi, kisha ikaniita kwa kuwa chumba kiliendelea kuwa tanuri. Nilifika saa kumi alasiri, vioo vikiwa vyeupe, nikaweka kiganja juu ya meza iliyo karibu na dirisha. Ilikuwa ya moto. Vivuli vya nondo za dirisha vilivyokuwa vikionekana mezani vilikuwa vimetoweka, lakini jua lenyewe lilikuwa bado limo ndani.

Sababu yake imo katika namna kioo hicho kinavyofanya kazi. Kati ya vioo viwili hulazwa utando mwembamba wa polima, yaani aina ya plastiki, wenye matone madogo mno ya fuwele za kimiminika, yaani kitu kinachotiririka kama maji ilhali chembe zake hupenda kuelekea upande mmoja kama zilivyo katika fuwele. (Aliyegundua tabia hiyo mwaka 1888, Friedrich Reinitzer wa Austria, alikuwa mtaalamu wa mimea, wala hakuwa na haja na madirisha.) Umeme usipokuwapo, kila tone huelekea kwake, na mwanga unaopita hupindwa huku na huku hadi macho yasione cha upande wa pili. Umeme ukiwashwa, chembe hujipanga pamoja, mwanga ukapita moja kwa moja. Kwa hiyo weupe ule haurudishi jua nje, bali hulitawanya tu, na sehemu kubwa ya mwanga uliotawanywa huendelea mbele kuingia chumbani pamoja na joto lake.

Ipo aina nyingine, ambayo haiwi nyeupe bali hukolea rangi polepole, na abiria waliopanda Boeing 787 ambayo Air Tanzania iliipokea mwaka 2018 wameiona dirishani. Hiyo hupunguza mwanga wenyewe. Ni teknolojia tofauti, na mteja anayeonyeshwa picha za hii akauziwa ile ana haki ya kulalamika.

Sisemi kwamba vioo vyeupe havina kazi. Katika chumba cha kumwona daktari vinafaa sana, tena kwa sababu ambayo watu wa huku tunaielewa upesi: umeme ukikatika vinarudi kuwa vyeupe, na mgonjwa anabaki amesitirika. Tabia hiyo hiyo ni hasara kwa mwenye duka, ambaye bidhaa zake zitafichika kila umeme ukiondoka.

Ufungaji nao una mambo yake. Utando huo hutumia transfoma yake maalumu inayotoa umeme wa mkondo geu (AC) wenye nguvu ndogo kuliko wa ukutani, na fundi akiuunganisha moja kwa moja na umeme wa ukutani anaweza kuuharibu. Kubwa zaidi ni silikoni, yaani gundi ya kuzibia kingo. Ile ya kawaida, yenye harufu ya siki inapokauka, hutoa asidi inayokula kingo za utando, nami nimeona pembe za kioo zikibaki na madoa yasiyoitikia swichi. Itumike silikoni isiyotoa asidi, na kingo zizibwe vizuri, hasa kwetu ambako upepo wa bahari huleta unyevu mwaka mzima.

Kuhusu joto, jua la Mtwara huwa juu ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka, mwezi Oktoba na mwezi Februari, lakini asubuhi na alasiri hushuka na kupiga kuta za mashariki na magharibi karibu sawasawa. Huko ndiko kunakotakiwa kivuli, nacho kinapaswa kuwa nje, kabla jua halijagusa kioo. Wazee wetu waliojenga nyumba zenye baraza pana walilijua hilo bila swichi yoyote.

Ombi langu kwa wanaoandaa zabuni za majengo ya umma katika mikoa ya Mtwara na Lindi ni kwamba wamtake muuzaji aandike ni kiasi gani cha joto la jua kinachopita kioo kikiwa cheupe na kikiwa angavu. Tarakimu mbili hizo zikikaribiana, wajue wananunua pazia.

Ile ofisi ilinipa kazi ya kutengeneza vikinga jua vya bati nje ya yale madirisha. Vioo vyao bado vipo, na wakiwa na kikao cha faragha huzima swichi.

Fundi wa alumini na vioo,
Shangani, Mtwara