Jicho la mama sio jicho la ami

Rukia shoga yangu,

Assalaam alaykum. Vois yako nimeisikiliza mara mbili jana baada ya magharibi, nimefahamu mama hataki kusikia habari ya kutiwa konea, ule utando mwangavu wa mbele ya jicho, ya mtu aliyekufa, kwa sababu anamkumbuka ami yangu. Ana haki. Alipotiwa yake mie ndo nlokuwa namtia ami matone, namfungua jicho kwa vidole viwili naziona zile nyuzi kumi na sita alizoshonewa, nyeusi, nyembamba kuliko unywele, zimezunguka kama miale ya jua anavyochora mtoto wa maandalizi. Alikaa nazo mwaka na zaidi na moja ikilegea inamkwaruza kama mchanga.

Lakini ami alirukiwa na chokaa, walikuwa wanaizima wapige plasta nyumba moja Malindi. Chokaa inachoma mpaka pembezoni mwa konea kule zinakotoka seli za kuifunika, halafu mishipa ya damu inaota mule, na konea ya mtu mwengine husalimika kwa vile pale hapana mishipa, ikishaingia ndo mwili unaijua ngeni unaikataa. Yake ikaingia ukungu tena mwaka wa nne.

Na unajua, mtu wa mwanzo duniani aliyetiwa konea ya binaadamu ikashika nae aliunguzwa na chokaa! Kibarua tu, Alois Glogar, kafanyiwa na dokta Eduard Zirm Disemba 1905 mji wa Olomouc, siku hizi uko Cheki. Konea ilitoka kwa kijana wa miaka 11 aliyeumia jicho likatolewa. Nliposoma hayo nlikaa kimya namfikiria ami.

Zamani waliotiwa konea walikuwa ndo hao, wa makovu ya vidonda, kuungua, konea zilizochongoka, na dawa yao zote moja, unakatwa duara unene wote unashonewa nyengine. Halafu operesheni za mtoto wa jicho zikawa nyingi na baadhi ya lenzi walizokuwa wanatiwa ndani ya jicho miaka ya 80 zikawa zinaharibu konea kwa nyuma, nchi nyingi hiyo ikawa sababu kubwa ya kutiwa konea. Wale wa konea zilochongoka nao siku hizi wanatiwa matone ya vitamini B2 wanapigwa mwanga wa kuikaza, wengi hawafiki tena kwenye kisu.

Sasa mama tatizo lake safu ya ndani ya konea, ndo ilivyoandikwa kwenye ile karatasi ulonitumia. Mule mna seli za kupampu maji yatoke na zikifa hazizaliwi nyengine, konea inavimba, ndo maana asubuhi anaona ukungu jioni afadhali. Mwaka 1998 Mholanzi Gerrit Melles alionyesha kuwa unaweza kubadilisha ile ya nyuma tu. Siku hizi kuna operesheni inaitwa DMEK, wanatia utando wa mikroni 10 mpaka 15 na konea nzima ni kama nusu milimita, unapita kwenye kitundu kidogo umejikunja kama mkeka, wanaukunjua ndani kisha wanatia povu la hewa liubane na mgonjwa analala chali. Hakuna zile nyuzi kumi na sita, na mwili hauukatai sana kama ile ya ami. Unaweza kubanduka wakatia hewa tena, hilo nalo mwambie usimfiche.

Muulize dokta kama anafanya DMEK au ile nyengine ya DSAEK ambayo kipande chake kinene kidogo. Mie nshaomba ruhusa kazini, ntakuja na boti mwezi ujao, na ami kasema tunakuja sote, anataka kuzungumza na mama mwenyewe.

Wako,
Zuhura