Maksai wafundishwe kusogea kando kabla ya mvua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wakulima wenzangu wa Nzega na Igunga kuhusu maksai. Huku kwetu tunawafundisha kuvuta na kwenda mbele, basi. Kupiga hatua ya kando hawafundishwi. Ndiyo maana mvua za Novemba zikianza, kila mwisho wa mstari utamkuta mtoto amening'inia kwenye pembe, plau imelala ubavu, na mwenye mjeledi anapiga kelele.

Kazi hii ianze Juni au Julai, ng'ombe akiwa bado na mwili. Kufika Oktoba majani yamekwisha, unamfundisha mgonjwa. Chukua mnyama wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, peke yake, bila nira, kamba kichwani.

Msimamishe akiuelekea uzio wa zizi, pua ikiwa hatua moja kutoka kwenye miti, ili uzio umzuie kwenda mbele badala ya mkono wako. Ukitaka aende kulia, simama kushoto kwake. Vuta kichwa kidogo upande wako, kisha mguse kwa ncha ya fimbo nyuma ya mbavu, chini ya nyonga. Mguse wakati mguu wa nyuma wa kushoto unapoanza kunyanyuka. Mguu huo ukiwa umebeba uzito hawezi kuusogeza hata umchape. Akiupitisha mbele ya ule wa kulia, hata hatua moja tu, ondoa fimbo papo hapo na umkune shingo. Kuondolewa fimbo ndiko kunakomfundisha. Ukiendelea kumgusa baada ya kutii, kesho hatajali tena. (Wapanda farasi hufanya hivi hivi kwa kugusa ubavu kwa mguu, sisi tuna fimbo.) Dakika 15 asubuhi zinatosha, kwa jina lake na neno moja lile lile.

Akizunguka badala ya kwenda kando, umemkunja shingo mno: legeza kamba, mguse na begani. Akirudi nyuma, unavuta kamba, au umembana na uzio.

Akishajua pande zote mbili, mfunge nira na mwenzake. Kwenye kugeuka, wa ndani abaki karibu pale pale akisogeza makalio, wa nje ndiye azunguke. Plau itolewe udongoni kwanza. Ikiwa imezama, nira huwachubua shingo.

Kwenye palizi, nira ya kulimia ni fupi mno. Mistari ikiwa sentimita 75, shingo za maksai ziachane sentimita 150, kila mmoja apite njia yake, jembe katikati. Na wafungwe vikapu mdomoni, maana maksai aliyejua kusogea kando husogea pia kufuata mahindi.

Mkulima,
Nzega, Tabora