Bwawa la kwanza la majitaka lifunikwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo wakazi wa miji yetu hulipita kila siku wakiwa wameziba pua, nalo ni gesi inayotoka katika mabwawa ya majitaka. Nimefanya kazi katika maabara za maji kwa miaka 26, na asubuhi nyingi za miaka hiyo zilinikuta ukingoni mwa mabwawa nikichukua sampuli. Kwa hiyo kila ninaposikia kwamba mji fulani umepata fedha za kujenga au kukarabati mabwawa yake, swali langu huwa moja: je, bwawa la kwanza litafunikwa?

Majitaka yanayofika Vingunguti jijini Dar es Salaam, Mafisa mjini Morogoro, Mabogini huko Moshi au Ruai nje kidogo ya Nairobi husafishwa na jua, muda na vijiumbe visivyoonekana kwa macho. Bwawa la kwanza huchimbwa kwenda chini, mita mbili hadi tano, makusudi ili oksijeni isifike. Humo bakteria huvunja kinyesi, mafuta na mabaki ya chakula kuwa asidi, hidrojeni na kaboni dioksidi, kisha kundi jingine huvipokea na kutoa gesi ya methani. Kundi hilo la pili si bakteria, bali ni arkea, ukoo wa viumbe uliotambuliwa mwaka 1977 na Carl Woese na George Fox walipokuwa wakichunguza wazalishaji hao hao wa methani. Oksijeni ni sumu kwao, na joto ni neema. Katika nchi za baridi huzubaa wakati wa kipupwe, lakini katika miji yetu yenye joto hufanya kazi Januari hadi Desemba bila likizo.

Anayetaka kuwaona kazini asimame ukingoni mapema, kabla upepo haujaanza. Juu ya maji umetanda utando wa kahawia wa mafuta na tope, umekauka na kupasuka, na katika nyufa zake mapovu yanapanda kama uji mzito unaoanza kuchemka. Mara kwa mara bonge la tope hunyanyuliwa na gesi kutoka chini, huelea kidogo, hupinduka na kuzama tena. Wanafunzi walipotutembelea tulikuwa tukigeuza faneli kubwa juu chini ndani ya maji na kuiunganisha kwa mpira na chupa iliyojaa maji. Tope likichokorwa, gesi iliyasukuma maji yakatoka chupani, nasi tukaipeleka mbali na bwawa na kuiwasha. Mwali ulikuwa wa buluu, hafifu kiasi kwamba walioko nyuma walilazimika kusogea. Alessandro Volta alikusanya gesi hiyo hiyo kutoka katika matope ya Ziwa Maggiore nchini Italia mwaka 1776.

Methani yenyewe haina harufu. Kinachonuka bwawani ni salfidi ya hidrojeni, ambayo huzalishwa na vijiumbe wengine. Nalitilia mkazo hili kwa sababu malalamiko ya wananchi, ambayo ni ya haki, huhusu harufu, na harufu ikipungua kila mtu huona kazi imekwisha, ilhali bwawa lisilonuka linaweza kuwa linatoa methani usiku na mchana.

Ukubwa wa jambo hili unaweza kukadiriwa kwa vigezo vya IPCC, jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi. Kwa mji wenye watu 50,000 waliounganishwa kwenye mtandao wa majitaka, bwawa la kwanza lenye kina kirefu linakadiriwa kutoa karibu kilo 890 za methani kwa siku, yaani zaidi ya tani 300 kwa mwaka. Katika kipindi cha miaka 100, tani moja ya methani hupasha dunia joto takriban mara 28 kuliko tani moja ya kaboni dioksidi, na ukihesabu miaka 20 tu ya mwanzo inazidi mara 80. Hata hivyo methani hukaa angani miaka 12 hivi, wakati sehemu kubwa ya kaboni dioksidi hubaki kwa karne nyingi. Methani inayozuiwa leo, basi, nafuu yake itaonekana tungali hai, na watoto walioko shuleni sasa wataiona wakiwa bado vijana.

Hivi karibuni nilihudhuria kikao cha wadau kuhusu ukarabati wa mabwawa ya mji mmoja. Taarifa ya tathmini ya mazingira ilikuwa na kurasa nyingi juu ya harufu, mbu na ubora wa maji yatakayotoka, lakini gesi ilipewa sentensi moja isiyo na tarakimu hata moja. Nilipouliza, mtaalamu mshauri alijibu kwamba gesi hiyo hupotea hewani. Nilirudi nyumbani na majonzi, kwa maana kupotea hewani ndiyo shida yenyewe.

Nisieleweke kwamba nataka mabwawa yaachwe na badala yake ijengwe mitambo ya kupuliza hewa. Mitambo hiyo hula umeme mwingi na huhitaji vipuri ambavyo mamlaka zetu nyingi za maji hazina uhakika wa kuvipata, nami nimeona mashine za namna hiyo zikiwa na kutu huku majitaka ghafi yakipita kando yake kuelekea mtoni. Mabwawa yanatufaa, na arkea wanatufanyia kazi kubwa bila mshahara. Tulichokosea ni kuiacha gesi yao iende zake.

Kifuniko ninachokisema ni turubai zito la plastiki linaloelea juu ya maji, pindo zake zikiwa zimefukiwa katika mtaro kuzunguka bwawa, na mabomba ya kukusanya gesi yakiwa chini yake. Huko Werribee, karibu na Melbourne nchini Australia, mabwawa makubwa yamefunikwa hivyo, na gesi yake inazalisha umeme. Sisi tunaweza kuanza na kinara cha kuichoma tu, kwa kuwa kilo moja ya methani ikiungua huacha kilo 2.75 za kaboni dioksidi, na madhara yake hushuka kwa takriban tisa ya kumi. Tukiweza kuitumia ni bora zaidi. Hata nusu ya gesi ya mji niliotolea mfano ina joto la kutosha kulingana na mitungi 30 hivi ya gesi ya kupikia ya kilo 15 kila siku, na hapa Tanzania tuna mkakati unaotaka asilimia 80 ya wananchi wapikie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Ujuzi nao haututishi: kule Hale, mkoani Tanga, mabaki ya mkonge yamewahi kuzalisha umeme kwa njia hii hii.

Ugumu upo. Gesi hii ikichanganyika na hewa kwa kiwango cha kati ya asilimia 5 na 15 hulipuka, na salfidi iliyomo hutafuna injini isipochujwa. Kubwa kuliko yote ni tope. Bwawa lililofunikwa haliwezi kuzolewa tope kwa urahisi, hivyo mabomba ya kulinyonyea lazima yawekwe kabla turubai halijatandazwa. Mabwawa yetu mengi hayajazolewa kwa miaka. Nimepima kina cha tope kwa njia ya kawaida ya mti mrefu uliozungushiwa kitambaa cheupe, nikautoa ukiwa mweusi hadi karibu na usawa wa maji. Bwawa likifikia hapo, tope hufurikia la pili, na gesi huanza kutoka mahali ambapo hakuna kifuniko kitakachoifikia.

Ombi langu kwa wanaoandaa zabuni ni kwamba kifuniko, kinara na mabomba ya tope viandikwe katika mchoro wa bwawa la kwanza tangu mwanzo, na bei yake iwekwe wazi pamoja na nyingine. Katika mji ule wa kikao cha wadau mkandarasi bado hajaingia kazini, na michoro ingali mezani.

Fundi sanifu mstaafu wa maabara ya maji,
Morogoro