Shemeji niliyemwacha barazani

Ndugu Mhariri,

Katika toleo lako la Jumatano iliyopita kulikuwa na barua ya mzazi mmoja wa Korogwe. Anataka katuni za Kijapani, hizo wanazoziita manga, zikusanywe mashuleni zichomwe moto, kwa sababu zinawafundisha watoto ushoga. Mimi ni mwanamke wa miaka 62, fundi cherehani wa Ngamiani hapa Tanga, nina wajukuu watano. Sina elimu ya katuni. Lakini kimoja katika vitabu hivyo nimekimaliza chote, au niseme nimesomewa, maana kimeandikwa kwa Kiingereza na Kiingereza changu kinaishia kwenye vipimo vya gauni.

Ilikuwa hivi. Mjukuu wangu wa kidato cha tano huja kusomea katika chumba changu cha kazi, si kwa mapenzi, bali kwa sababu feni iko humo. Siku moja nikamkuta anacheka peke yake na kitabu. Nikamnyang'anya, nikakifungua kuanzia kulia. Akatoa macho: "Bibi, umejuaje?" Nimejuaje nini? Mimi kusoma nimeanza na juzuu. Kumbe Wajapani nao vitabu vyao huanzia huko, na wenzake shuleni wengi hufungua mwisho wakadhani ni mwanzo.

Nikaona jitu la kizungu, ndevu tele, kifua kama robota la mkonge, limesimama mlangoni kwa watu. Nikamwambia nisomee, mikono yangu ina kazi lakini masikio hayana.

Kitabu chenyewe kwa Kijapani kinaitwa Otouto no Otto, mwandishi wake Gengoroh Tagame, mzaliwa wa 1964, yaani nimempita mwaka mmoja tu. Kilitoka kwa vipande gazetini kuanzia 2014 hadi 2017, kikakusanywa kuwa vitabu vinne, na 2018 NHK, televisheni ya taifa ya Japani, ikakifanya tamthilia. Yule jitu aliigizwa na Baruto, mwanasumo mstaafu kutoka Estonia. Kijana alinionyesha picha zake kwenye simu. Kifua ni kilekile.

Jina la kitabu maana yake ni Mume wa Mdogo Wangu. Hapo mjukuu alinichekesha, eti Kiingereza kimeshindwa kulitafsiri sawasawa, kwa kuwa hakina neno moja la mdogo mtu. Sisi tunalo. Ila sisi nasi, ukisema mume wa mdogo wangu, kila mtu atadhani mdogo huyo ni mwanamke na hakuna atakayegeuka kutazama. Huyu mdogo ni mwanamume. Alikuwa pacha, jina lake Ryoji. Alihamia Kanada, akafunga ndoa huko na huyo jitu, Mike, kisha akafa. Sasa Mike amekuja Japani kuiona nyumba aliyokulia marehemu, kwa kuwa waliahidiana kwenda pamoja na mmoja wao hakuwahi. Anayemfungulia mlango ni pacha aliyebaki, Yaichi, baba anayemlea binti yake mdogo, Kana, bila mama ndani ya nyumba.

"Mke wa kaka yako unamwita wifi," mjukuu akaniuliza. "Mume wa kaka yako je?"

Nikamwambia endelea kusoma.

Ukurasa wa mlangoni ndio ulioniweza. Mike anamkumbatia Yaichi. Picha inayofuata Yaichi anamsukuma na kumtukana tusi la kuchinja. Halafu inakuja picha nyingine, na kumbe hakusukuma, hakutukana, amesimama tu kama mti. Kijana akanieleza: hii, bibi, ndiyo aliyoiwaza, hii ndiyo aliyoifanya. Kitabu kizima kinakwenda hivyo. Mdomoni karibu, moyoni toka. Mpango wake ulikuwa Mike akalale hotelini. Ni Kana, aliyefurahi kusikia ana ami asiyemjua kutoka nchi ya mbali, aliyefanya baba yake aone haya na kusema basi, lala hapa.

Hapo nikasimamisha cherehani, Mhariri.

Mimi nilikuwa na mdogo wangu wa kiume. Alizaliwa 1966. Mwaka 1986 baba alizitupa nguo zake kwenye mtaro, mchana, watu wakitoka msikitini. Sababu haikutajwa kwa jina, lakini mtaa mzima uliijua. Akavuka Horohoro, akaenda Mombasa, akawa fundi wa kanzu na kofia. Kila Idi alinitumia leso kwa mkono wa dereva wa basi. Leso tu, hakuna karatasi. Shaaban Robert, mtu wetu wa Machui, alimwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge barua tangu 1931 hadi 1958, leo zimechapwa watu wanazisoma. Mimi na wangu, miaka kumi na miwili, hata mstari mmoja. Na mimi ndiye niliyekuwa na anwani.

Alifariki 1998. Ndugu wakamleta kwa gari, tukamzika. Siku ya tatu, matanga hayajaanuliwa, akapiga hodi mtu mwenye sanduku la ngozi bandia. Alikuja kwa basi, kwenye gari la maiti hakupewa nafasi. Akasema, "Dada, mimi nilikuwa nakaa na marehemu. Miaka kumi na moja." Basi. Wala sikuhitaji nyongeza.

Ami yangu akanivuta pembeni: mpe chai aende zake. Nikampa barazani. Ndani kulikuwa na vikombe vya wageni kabatini, vile vya maua. Nikamtilia kwenye kikombe cha bati tunachochotea maji mtungini. Akanywa yote, akanirudishia kikombe kwa mikono miwili. Kisha akaomba kuonyeshwa kaburi. Ami akamjibu kwamba kaburi si mnara wa kutembelewa na kila mpita njia. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka hapo, natazama pindo la khanga yangu. Akaliacha sanduku, akaenda.

Ndani mlikuwa na kanzu mbili, utepe wa kupimia, mkasi wa fundi, na kofia ya mkono iliyotiwa viua nusu, sindano ingali imechomekwa pale alipofikia. Mkasi ule ndio ninaokatia mpaka leo. Wateja husifu mikato yangu.

Kwa hiyo mzazi wa Korogwe anaposema vitabu hivi vinafundisha, nakubali, vinafundisha. Mimi vimenifundisha kwamba yule mtu alikuwa shemeji yangu. Neno hilo tunalitoa bure kwa kila dereva wa bajaji, kwa muuza samaki, kwa kijana yeyote anayetaka kuchekesha wanawake, na nikalinyima kwa mtu aliyemfumba macho ndugu yangu.

Lakini kwamba vinamgeuza mtoto, hapana. Mdogo wangu hakuwahi kuona katuni ya Kijapani. Mwaka ule baba anamtupia nguo, Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Alivyokuwa ndivyo alivyokuwa tangu tunacheza kombolela. Na katika kurasa zote nilizosomewa sikukuta kitanda kinachotajwa. Nilikuta watu wanakula, wanafua, wanaoga, baba anamtayarishia mtoto chakula, shemeji anakunywa pombe, kisha analia akimshika Yaichi kwa kuwa sura ni ileile ya mumewe. Pacha, Mhariri! Hebu fikiria kufiwa na mtu halafu sura yake ikufungulie mlango kila asubuhi.

Tena huyo mzazi wa Korogwe yumo kitabuni. Yumo mama mmoja anayemkataza binti yake kwenda kwa Kana, kwa sababu nyumba ile ina mgeni mbaya. Yumo na mwalimu anayemwita Yaichi shuleni, kwa upole kabisa, kumwambia Kana apunguze kumsema ami yake, wenzake wasije wakamtenga. Mwandishi hakuwachora na pembe. Ni watu wa kawaida, kama ami, kama mimi na kikombe changu cha bati. Na yumo mvulana anayemfuata Mike faraghani kumwambia kwamba yeye naye yuko hivyo na hana wa kumwambia mwingine. Kijana wangu aliposoma pale alisoma haraka, nikamwambia rudia.

Nina malalamiko na kitabu pia, nisije nikaonekana nimelogwa. Mike ni mwema kupita kiasi. Hakasiriki, anaosha vyombo, anacheka na kila mtu. Shemeji halisi huwa na kisirani, hukopa asilipe, na bado hukaribishwa. Na jambo zito zaidi, mwandishi amejirahisishia: wazazi wa mapacha hao wamekwisha kufa kabla hadithi haijaanza. Ugomvi wetu sisi uko kwa wazazi. Ndugu na ndugu hupoa tu wakaachana kimyakimya, kama hao pacha walivyofanya tangu Ryoji alipomwambia mwenzake ukweli wangali vijana. Baba ndiye anayejua mtaro uko wapi.

Nilipomwambia mjukuu hivyo akaniletea kingine, hiki kwenye simu, cha mwanamke aitwaye Fumi Yoshinaga. Kilianza 2007 katika gazeti la wiki la kampuni ya Kodansha. Wanaume wawili wa makamo wanaishi pamoja Tokyo, mmoja wakili, mwenzake msusi. Wakili anatoka kazini mapema awahi bei nafuu sokoni, anapika, anahesabu: yeni 25,000 za chakula kwa mwezi, watu wawili. Huyo ningemkabidhi vikoba vyetu. Wazazi wake wako hai, na humo hakuna miujiza. Mama anajikaza kusema anaelewa, na anachoelewa ni nusu. Mwaka mpya mmoja msusi anaalikwa nyumbani, anapokewa vizuri, watu wanakula. Kisha wazazi wanamwomba mwana wao kwamba mwakani asimlete tena, hawakuweza. Mwana hafoki. Mwaka mpya unaofuata anakaa na mwenziwe. Kijana alidhani nitafurahi au nitakasirika. Nilinyamaza, nikawahurumia wote wanne.

Sijaandika kutoa fatwa. Mimi ni Mwislamu, naswali, na sheria ya nchi hii naijua inasemaje. Japani yenyewe, kwa taarifa ya wanaodhani wenzetu wameruhusu kila kitu, ndoa ya namna hiyo haitambuliwi na serikali. Mtaa wa Shibuya, Tokyo, ulianza kutoa vyeti vya wenzi 2015, ambavyo si ndoa. Kanada imeruhusu tangu 2005. Kana alipoelezwa kwamba jambo linafaa nchi hii na halifai nchi ile, alisema ni ajabu, akaendelea na mambo yake. Wakubwa watalijadili. Ninachokisema mimi ni kidogo kuliko hapo, ni mlango na kikombe.

Na neno lenyewe, shoga. Wanawake wa Tanga tunaitana shoga kuanzia chai ya asubuhi: shoga nipitie, shoga nikopeshe uzi. Ni neno la mapenzi. Sijui ni lini hasa tulilichukua tukalifanya jiwe la kumpigia mtoto wa mwenzetu, lakini mimi mwenyewe nimelisikia likirushwa upande wa nyumba yetu, na waliolirusha walikuwa wakija kwangu kushonewa sare za harusi. Nikapokea vitambaa vyao.

Mjukuu aliniuliza kwa nini nalia. Nikamwambia moshi wa ubani. Hakuna ubani uliokuwa ukiwaka, naye ana akili, akafunga kitabu akaenda kununua mihogo. Jioni nikamtolea sanduku uvunguni, nikamwambia yote. Ndiye aliyenishauri nikuandikie.

Sasa ombi langu, na ndilo hasa lililonifanya nikae na kalamu. Gazeti lako huvuka mpaka, madereva wa mabasi hulipeleka Mombasa likafungiwa maandazi. Kama yule bwana yu hai, atakuwa na miaka sitini hivi, na huenda likamfikia mkononi. Shemeji, kofia ipo, sijaigusa, sindano imeshika kutu ikagandana na kitambaa. Ami alifariki 2009, hakuna wa kukuzuia. Ukishuka stendi ya Kange chukua bajaji, sema unakwenda Ngamiani, barabara ya kumi na moja, kwa fundi wa mashela. Watoto wote wanapajua. Makaburini tutakwenda asubuhi kabla jua halijawa kali, kisha tutarudi unywe chai, ndani.

Mhariri, jina langu lifiche, nina wajukuu wanaosoma. Barabara iache kama ilivyo.

Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga